Simu ya Kibet Iliyoendelea Kulia

Nilisafiri kwa sababu simu ya rafiki yangu Kibet haikunyamaza hata baada ya kumzika. Ndugu yake alinieleza kwamba kila ikilia, mama yao huacha alichoshika na kuikimbilia. Mimi na Kibet tulichunguza milipuko ya miali ya gama pamoja, na nilijua jinsi ya kuizima ile milio.

Asubuhi niliondoka Kabianga majani ya chai yakiwa na umande, wachumaji wamejifunga plastiki viunoni. Kaplong nilinunua mkate na sukari. Nilipoelekea kusini, chai ilipungua, yakaja mahindi, kisha nyasi kavu na mbuzi.

Nilifika Chebunyo mchana. Mama Kibet alinipokea langoni.

"Mjaluo gani anakuja bila samaki?" aliuliza, akinitania kuhusu watu wetu wa ziwani, akacheka kidogo.

Ndani nilimweleza kazi yetu. Nyota kubwa mno ikifa, hutoa miali mikali kwa muda mfupi sana. Hewa ya dunia huizuia, ndiyo maana kuna darubini zilizowekwa angani. Zikiiona, hutuma taarifa papo hapo kwenye simu za watafiti, ili darubini nyingine zielekezwe huko kabla mwanga haujafifia.

"Kumbe si watu wa kazi wanamwita," alisema. "Nilifikiri hawajaambiwa amekufa."

Nilizizima taarifa zile nikamrudishia simu. Aliipangusa kwa leso, asiiangalie.

"Nyota ikikufa mnaambiana haraka hivyo," alisema. "Mimi nilisoma kwa simu, sokoni, nimeshika kamba ya mbuzi. Hakuna mtu alikuja."

Jamaa mmoja wa Kericho ndiye aliyeandika ujumbe kwenye kundi la familia. Lakini kwao, Mama Kibet alinieleza, mwenye habari ya kifo huja mwenyewe, hukaribishwa, hunywa kitu, ndipo aseme.

Akanimiminia mursik, maziwa yao yaliyogandishwa kibuyuni, yenye unga mweusi wa mkaa. Nikanywa hadi mwisho. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, mikono magotini.

"Sasa niambie."

"Mama," nilisema, "Kibet amefariki."

Alilia kama mtu aliyesikia siku ile ile. Nilikaa naye hadi alipoinuka mwenyewe kwenda kufungulia ndama.

Njiani kurudi, chai ilipoanza tena kuonekana pande zote mbili za barabara, ndipo nilipoelewa: habari ile ilikuwa imefika Chebunyo kitambo, ila hakuna aliyekuwa ameipeleka.