Mrudisha Mita

Kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watu alikuwa fundi saa, tena fundi kwelikweli. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye kibanda cha kioo mbele ya duka la vitambaa, akifungua saa za watu na kuzifunga bila skrubu hata moja kubaki mezani. Kisha watu wakaanza kutazama saa kwenye simu. Wateja wakapungua, mwishowe wakabaki wanaokuja kuuliza njia tu. Akafunga kibanda, akaenda kuomba kazi kwenye yadi ya pikipiki.

Pikipiki zile zilitoka ng'ambo, zimetumika huko hadi wenyewe wakazichoka. Zilishushwa kwenye kontena zimelaliana, zikaoshwa, zikapakwa nta, zikapangwa mstari. Tajiri wa yadi alimpokea kwa mikono miwili. "Wewe una mkono mwepesi," alimwambia. "Mkono kama huo haulali njaa." Akampa chumba cha nyuma, meza, taa, na dirisha lililotazamana na ukuta. Kazi yake ilikuwa moja: kurudisha nyuma mita zinazohesabu kilomita. Pikipiki iliingia chumbani mle ikiwa mzee, ikatoka kijana.

Hakuwahi kumdanganya mnunuzi kwa kinywa chake, na hilo ndilo alilojifariji nalo: mimi sisemi neno, mita ndiyo inayosema. Mwenye kusema alikuwa muuzaji, jamaa waliyemwita Asali kwa utamu wa ulimi wake. Miaka sita ikapita hivyo. Macho yakawa yanamuuma, mgongo ukamkaza, akirudi nyumbani anajibu salamu kwa kichwa. Mkewe akimuuliza kazi imekwendaje, anasema, "Kazi ni kazi," akavua viatu. Tena ufundi saa ulimwachia balaa moja: hakusahau namba. Kila mita aliyoirudisha, namba yake ya kweli ilimganda kichwani.

Asubuhi moja mdogo wake wa kike akaingia yadi. Alikuwa muuguzi wa zahanati, kazi yake kuzungukia wagonjwa majumbani, wazee wasioinuka kitandani na akina mama waliotoka kujifungua. Miaka yote alikwenda kwa miguu, mkoba wa dawa begani, viatu vikilika upande mmoja.

"Kaka!" aliita tangu langoni. "Leo nimekuja kununua miguu!"

Asali alikwishamwahi. Alimpeleka kwenye pikipiki ya buluu, akaipigapiga kiti kama mtu anayembembeleza ng'ombe. "Hii, dada, ilikuwa ya mwalimu mmoja mstaafu huko ng'ambo. Alikuwa anaendea sokoni tu. Tazama mita kwa macho yako. Elfu kumi na nne! Bado inanyonya hii."

Fundi alikuwa mlangoni pa chumba chake, kitambaa mkononi. Ile ya buluu aliijua. Wiki tatu nyuma iliingia kwake na kilomita elfu sitini na nane, mia tisa na arobaini.

"Mimi sinunui kwa mdomo wa mtu," mdogo wake alisema. "Nina damu yangu humu humu. Kaka, njoo unipimie."

Akaja, kila hatua nzito. Asali akamkonyeza. Fundi akachuchumaa kando ya pikipiki. Akaona heri aonyeshe kuliko kusema.

"Tazama pa kukanyagia. Mpira umelika mpaka umekuwa laini kama kipande cha sabuni. Na hii pedali ya breki, unaona chuma kinavyong'aa? Siyo nta hiyo, ni soli ya kiatu. Pitisha kidole hapa pembeni ya diski ya breki."

Akapitisha. "Pana ukingo. Kama mdomo wa kikombe."

"Elfu kumi na nne haziwezi kuchimba ukingo huo. Haya, inama utazame chini ya mita. Skrubu zina mikwaruzo mipya. Mtu hafungui mita kwa kuchungulia tu."

Mdogo wake akasimama wima, mikono kiunoni. "Kaka, unanionyesha dalili. Dalili nazijua, ndiyo kazi yangu. Nitajie ugonjwa."

"Mzee anapenda utani," Asali alidakia.

"Elfu sitini na nane, mia tisa na arobaini," fundi alisema.

"Umejuaje mpaka hiyo arobaini?"

"Niliirudisha mimi."

Asali akapotea kuelekea ofisini. Mdogo wake akawa anamtazama kaka yake kama anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

"Ni hii tu?"

"Zote."

Akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya kreti lililopinduliwa. Kisha akauliza taratibu, "Na ya mwenzangu?"

Fundi alijua ni nani. Muuguzi mwenzake alinunua hapo pikipiki nyekundu, miaka miwili nyuma. Mwezi wa nne tangu ainunue, mnyororo ulikatika mteremkoni ukafunga gurudumu, yule mama akavunjika paja. Mpaka leo anatembea na fimbo.

"Elfu themanini na mbili na ushei," alisema. Huo ushei pia aliujua, ila ulimi uligoma.

"Nilimwelekeza mimi. Nilimwambia nenda pale, yupo kaka yangu, hutaibiwa. Na siku nilipokuja kwako kukwambia ameumia, ulinimiminia chai, kaka. Ukasema pole."

"Nilisema pole."

Tajiri akatoka ofisini, Asali nyuma yake. Hakupaza sauti. "Mzee, nasikia unanifungia duka."

"Nimechoka, tajiri."

"Basi kachokee nyumbani kwako."

Fundi akageuka kwenda kuchukua bisibisi zake, lakini mdogo wake akainuka. "Kabla hajaondoka, airudishie namba yake ya kweli. Hii ya buluu naichukua, kwa bei ya umri wake."

Tajiri alishangaa. Fundi alishangaa zaidi. "Unainunua ya nini?"

"Yadi nyingine nitakuta nini? Mita zile zile, na kaka sina huko. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hii najua inaumwa wapi." Akamgeukia tajiri. "Mnyororo mpya, breki mpya, leo hii, mbele ya macho yangu. Au niende nikapige soga na wale wateja wawili pale langoni."

Tajiri akawatazama wale wateja. Akauma meno, akakubali.

Fundi akaingia chumbani mwake na ile mita, akaipeleka mbele. Ilichukua dakika ishirini, sawasawa na kuirudisha nyuma. Alidhani atasikia mzigo ukimshuka. Alichosikia ni usingizi. Mdogo wake alipopewa pikipiki yake, aliisukuma mpaka nje bila kuaga.

Nyumbani mkewe alikuwa anakunja nguo. "Mbona mapema?"

Akamweleza yote, tangu siku ya kwanza. Mkewe akaendelea kukunja mpaka nguo zikaisha. "Nilikuwa najiuliza," alisema, "mita gani hizo zinazoharibika kila siku, miaka sita. Nikaamua kutouliza." Akaziinua zile nguo, akaingia nazo ndani.

Siku ya tatu fundi akaenda kwa yule muuguzi aliyevunjika paja. Alimkuta barazani, fimbo imeegemea ukuta. Alikaribishwa kiti, hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, na mama yule akamsikiliza bila kumkata kauli.

"Kwa hiyo si kwamba sijui kuendesha," alisema mwishowe.

"Sivyo, dada. Hukukosea kitu."

"Karibu miaka miwili nimejilaumu. Mume wangu naye hajaacha kunisimanga." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Pikipiki yenyewe iko wapi?" fundi aliuliza.

"Tuliitengeneza tukaiuza. Anayo muuza maziwa, kule nyuma ya mashine ya kusaga."

"Mlimwambia imetembea kilomita ngapi?"

Mama yule akamtazama, na fundi akaona jibu kabla halijatamkwa. "Nilimsomea iliyoandikwa pale."

Kisha mama akasema, "Basi kaa upumzike kwanza. Ni mbali."

"Nikikaa, dada, sitainuka."

Akaenda. Jua lilikuwa kali na njia ilikuwa ya mchanga. Alimkuta muuza maziwa anafunga madumu kwenye ile nyekundu, ana haraka. Fundi akajieleza kwa kifupi, sauti imekauka.

"Sasa mzee, wataka nifanyeje?" yule bwana alisema. "Maziwa hayangoji. Nikiacha kuiendesha, wanangu watakula hiyo namba yako ya kweli?"

"Una spana?" fundi aliuliza.

Muuza maziwa akasita, akaitoa chini ya kiti. Fundi akapiga magoti mchangani, taratibu kwa sababu ya mgongo, akaushika mnyororo kwa vidole viwili, akaanza kuukagua pete moja baada ya nyingine.