Miji Niliyomletea Baba

Nakumbuka, mwanangu, siku baba yangu aliponiomba macho. Tulikuwa Ibra, Oman, miaka ya themanini imeanza tu, na ofisi yetu imenichagua kwenda Uingereza kusoma miezi mitatu. Baba alikuwa ameshapofuka. Ujana wake wote aliumaliza Tabora, dukani, mkabala wa stesheni, akipima sukari huku gari la moshi likimpita mbele ya uso. Hakulipanda hata siku moja kwa matembezi. Duka halikumpa nafasi. Akaniambia, "Nasoro, wakati wa kurudi usipandie ndege London. Shuka na gari la moshi mpaka Roma, mji kwa mji. Niangalizie wewe, kisha uje unisimulie."

Sasa mimi, hivi unavyoniona, safari si kazi yangu. Mpaka siku ile, ukiacha kuhama na wazee kutoka Tabora, safari yangu kubwa ilikuwa Sinaw, mji wa jirani, kununua mbuzi wa Idd, na nilirudi na homa, mbuzi mzima. Mke wangu husema tukifika Samail tu, si mbali na kwetu, mimi naanza kuulizia nyumbani. Hasemi uongo.

Basi nikapanda treni peke yangu, na tabia zangu za sabla, ile baraza yetu ya wanaume, nikazipandisha nazo. Kwetu mtu akiingia, wote husimama wakampa mkono. Nami kila abiria aliyeingia chumba chetu nilisimama, nikampa mkono, nikamuuliza hali na watoto. Nimevaa suti, tai na kofia. Mzee mmoja akanikabidhi tiketi yake niikague. Nikaikagua, ningefanyaje, nikamrudishia kwa heshima.

Brussels ulikuwa mji wa mwanzo. Treni ya kuendelea mbele ilikuwa baada ya saa tano. Saa zote tano nilikaa kwenye benchi mle ndani ya stesheni, nimelikumbatia begi, naogopa nikitoka nitapotea au treni itaniacha. Kabla ya kuondoka nikanunua postikadi ya uwanja wao wa kale, majumba yamepakwa dhahabu mpaka juu. Nikajiambia, hii itatosha, baba haoni. Ndiyo, nilijiambia hivyo, na naona haya mpaka leo.

Cologne nako nilikusudia benchi. Lakini ikaingia adhuhuri, nami sijui kibla kiko upande gani. Mle ndani jua halionekani, nikatoka mlangoni kulitafuta. Sikuliona. Mbele yangu palisimama kitu kimelifunika. Ni kanisa lao kuu, lakini macho yangu yalikataa kwamba lile ni jengo; nilidhani mlima, kama ule unaouona kwetu Oman ukisimama Al Hamra, ila huu mtu ameuchonga. Jiwe jeusi, kila shibiri ina nakshi yake, linapanda, linapanda, mpaka kofia ikanidondoka. Nikawafikiria mafundi wake, vizazi kwa vizazi, kila mmoja anapanga jiwe lake na anajua kwamba la mwisho hataliona. Nikazunguka ng'ambo ya pili nikalipata jua. Nilisali pembeni, na niliposujudu nilimfikiria Mola aliyewapa waja wake mikono ya namna ile.

Tangu hapo benchi sikulitaka tena. Venisi nilishuka ngazi chache tu za stesheni, na barabara ni maji. Mji mzima hauna gari. Asubuhi nilisimama juu ya daraja dogo nikasikia viatu vya watu tu, mamia, vinagonga mawe, na kengele zinajibizana juu ya mapaa. Nilifumba macho makusudi, nimsikilizie baba.

Roma nikapanda ndege. Niliporudi Ibra majirani walikuja sabla. Kahawa ikazunguka, nikatakiwa habari, kama ilivyo desturi. Nikaeleza Cologne, nikaeleza Venisi. Baba hakugusa tende.

"Na Brussels?" akauliza.

Nikamshushia postikadi nzima: uwanja, majumba, dhahabu.

"Chini pana nini? Mawe au lami?"

"Lami, baba."

"Na upepo wake?"

"Wa kawaida tu."

Sheikh Hamed, jirani yetu, akacheka. "Mji wa dhahabu, halafu upepo wa kawaida."

Baba akanigeukia. "Nasoro, ulipokuwa ukieleza Cologne ulikwamakwama, unatafuta neno hulipati. Hii Brussels inakutoka kama mtoto wa chuo cha Kurani anayesoma alichokariri. Ulifika?"

Wote wakanitazama. Ningesema nilifika, majirani wangeniamini. Lakini baba asingeiamini tena hata Cologne, wala Venisi, na miji yote niliyomletea ingemharibikia mkononi. Nikasema, "Sikutoka stesheni, baba. Nilikaa kwenye benchi saa tano. Niliogopa."

"Mzee, bora ungenituma mimi na magoti yangu haya," akasema Sheikh Hamed.

Baba akapapasa mpaka akalipata bega langu. "Basi nieleze hilo benchi."

Nikamweleza. Ubao uliolainishwa na makalio ya watu. Njiwa wanaotembea ndani kama na wao wana tiketi. Sauti ya mwanamke kutoka darini, inaita miji nisiyoijua. Harufu ya mkate wa sukari. Breki zinazolia kwa mbali kabla treni haijaonekana.

"Ehe," akasema taratibu. "Hizo nazijua."

Akaniuliza habari za lile benchi kwa muda mrefu kuliko za kanisa.

Mwanangu, ukifika mahali, toka nje. Hofu itakuwepo, toka nayo hivyo hivyo. Na ukirudi, wape watu ulichokiona wewe, hata kiwe kidogo, hata kiwe cha kukuaibisha. Yuko mtu nyumbani anayeijua dunia kwa maneno yako tu. Ukimtilia uongo ndani ya maneno hayo, hana pa kwenda kuhakikisha. Mungu akufungulie njia, asikunyime kushangaa, aunyooshe ulimi wako, na akurudishe salama kwa wanaokungoja. Amin.