Aliyeijibu Kompyuta Yangu Chooni

Usiniambie ulikuwa uchovu, na usinipe zile pole za kinafiki. Nilikuwa na akili zangu timamu, nilikuwa nimekula, na jua la mtaa wetu wa Huruma lilikuwa bado halijazama. Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe. Hadi leo nikiyakumbuka mate hunijaa mdomoni, mate yale ya mtu anayetaka kutapika.

Kwanza uijue ploti yetu, jengo la ghorofa la vyumba vya kupanga. Kila floo ina choo kimoja cha kuchuchumaa, nacho ni cha nyumba zote. Nisikufiche, kinatia kinyaa. Kuta hutoa jasho, mende wamenona, na kopo la maji lina ukoko wa kijani ambao hakuna anayekubali kwamba ni wa zamu yake. Na humo ndimo tulimoiweka rauta ya intaneti ya floo nzima! Kisa? Stima ya balbu ya choo hulipwa na landilodi, na hakuna mpangaji aliyetaka rauta imlie tokeni zake za stima.

"Madam, si hapa stima ni ya bure? Tuchomeke tu hapa juu, tusijisumbue," alisema Otis, keateka anayeitunza ploti.

Tukamsifu. Akatoa balbu, akachomeka rauta palepale kwenye holda, akaining'iniza kwa msumari, akavuta waya hadi kila nyumba. Tukajiona wajanja kweli.

Mtu mmoja tu alipinga, Mama Zubeda, mama wa kutoka pwani anayeuza mandazi na makaa pale chini. "Chooni hapaitwi mtu, wanangu," alisema. "Humo mna wenyewe. Mtu huingia kimya, na akibishiwa mlango hukohoa, basi. Nyinyi mwataka kuweka kidude cha kuita watu mchana kutwa?"

Tulimcheka. Rauta ina mdomo?

Kumbe mimi ndiye niliyepaswa kumwelewa. Kompyuta yangu ni ya mitumba na naiendesha kwa programu ya Linux. Kila ikiwaka huomba anwani ya mtandao yenyewe, kazi inayoitwa DHCP. Haijui rauta iko wapi, kwa hivyo hupaza sauti kwenye waya mzima: mimi fulani, nipeni anwani! Atakayewahi kujibu ndiye inayemwamini. Jina inalojitambulisha nalo ni lile uliloipa wewe, na yangu niliiita Kadogo. Hata mume wangu halijui jina hilo, na sijawahi kulitamka kwa sauti.

Siku hiyo intaneti iligoma. Nilikuwa na kazi ya majaribio, kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuandika yanayosemwa, na ilitakiwa ifike kabla ya saa moja jioni. Ikifika, naajiriwa. Isipofika, narudi soko la mitumba la Gikomba kuchambua nguo na mtoto mgongoni, katika lile vumbi lililomkohoza hadi akakonda. Niliapa sirudi. Na kisimu changu ni mulika mwizi, hakina intaneti ya kuniokoa.

Nikatazama anwani niliyopewa. Za floo yetu huanza na 192.168, lakini hii ilikuwa ngeni kabisa na haikunifikisha popote. Nikaiachilia, nikaomba upya. Ikaja ileile. Nikazima huduma ya mtandao na kuiwasha. Ileile! Nikadhani kuna jirani aliyechomeka rauta yake vibaya, kwa sababu rauta mbili zikigawa anwani kwenye waya mmoja, ni vurugu tupu. Nikapiga hodi nyumba zote. Hakuna aliyekuwa na rauta.

Basi nikaenda chooni, nikaziba pua, nikachomoa yetu. Taa zote zikafa. Nikarudi nyumbani, nikaomba anwani tena. Hapo hakuna wa kujibu, sivyo? Waya umekufa, hata kale kataa pale waya unapoingia kwenye kompyuta kamezimika.

Nikajibiwa. Anwani ileile.

Mtu mwingine angefunga kompyuta akaenda kanisani. Mimi nilipandwa na hasira. Nilijiambia kuna mtu ananichezea huko, na saa zinakwenda. Nikarudi chooni. Mlango ulikuwa umefungwa, nikabisha, nikangoja mtu akohoe.

"Karibu," sauti ya mwanamke ikasema.

Nani husema karibu chooni, hebu niambie? Nikausukuma mlango.

Alikuwa ameketi sakafuni, katika yale maji, amenyoosha miguu kando ya shimo kama mgeni aliyetandikiwa mkeka. Amejifunga leso mpya, nywele zimesukwa vizuri. Waya wangu ulikuwa mdomoni mwake, anaumung'unya, mate yanamtiririka hadi kifuani. Mende walimpanda shingoni wakaingia kwenye nywele, na hata hakuwapangusa. Akachota shimoni kwa lile kopo, akanywa, akashusha pumzi kama aliyekunywa chai ya maziwa.

"Kadogo," akasema, "mbona umechelewa? Unaniita tangu asubuhi. Mahali pako nimeshakuwekea."

Akasogea kidogo kunipisha niketi.

Niliukamata waya nikauvuta, na yeye akanidaka mkono wa kulia, akaukunjua, akanilamba kiganja. Polepole, kutoka kwenye kifundo hadi ncha za vidole. Ulimi wa baridi, unakwaruza kama msasa, na juu yake vitu vidogo vinatembea. Waya ukachomoka. Nikakimbia, nikatapika ngazi nzima.

Mama Zubeda alinikuta nimeketi ngazini nasugua mkono ukutani. Nikamweleza. Hakunicheka, ingawa alikuwa na haki. Alinimiminia maji akinisomea dua.

"Anwani ni makao, nawe waomba makao bila kujua wamwomba nani," akasema. "Usiombe tena, mwanangu."

Usiombe. Hapo ndipo nilipojua la kufanya. Nilimwita Otis aing'oe rauta, naye akatoka ameishika kwa ncha za vidole. "Madam, hii kitu inanuka noma!" Tuliifuta kwa sabuni, tukaichomeka kwangu, tokeni ziishe zitakavyo. Kisha nikaandika anwani kwenye kompyuta kwa mkono wangu mwenyewe na kuiamuru mashine isimwombe yeyote tena. Mtandao ukaja. Kazi ikaondoka adhana ya magharibi ikiisha, na nikaajiriwa.

Lakini kiganja hiki kimekataa kusafika. Nimekiosha kwa ndimu, kwa majivu, kwa mafuta ya taa. Asubuhi hakina kitu, ila kikigusa chakula cha moto kile choo chote hupanda puani. Daktari alinusa, akasema hasikii kitu. Wageni wakiniona nakula ugali kwa uma hunong'ona kwamba nimejifanya mzungu. Wacha wanong'one.

Nawe unayeishi ploti kama yetu, toeni rauta chooni leo, msingoje kesho. Kompyuta ikipewa anwani usiyoijua, usiitumie, iandikie yako. Na ukibisha mlango wa choo ukajibiwa karibu, ondoka, hata kama maisha yako yote yamo humo ndani. Mimi nilifungua nikapata kazi niliyomtafutia mwanangu. Sasa nikimletea tonge kwa mkono huu, hufumba mdomo na kugeuka ukutani.