Alizeti Juu ya Alama Nyekundu

Fundi rangi wa Iguguno haombi ruhusa ya ukuta wa mtu. Huja asubuhi na vidole vyake vya njano, akiimbia puani, na kila alama nyekundu ya kubomoa nyumba za barabarani huigeuza ua la alizeti. Bibi Severina alipokuta ukuta wake umechanua, alimwambia, "Mhuni wewe, umeshakunywa uji?"

Siku hiyohiyo mtendaji wa kijiji akafika, akafoka. "Umeharibu alama ya serikali. Irudishe."

Fundi akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, akainua mkono, akaushusha.

"Mimi hii siiwezi, mkubwa. Ipige wewe, mwenye nyumba huyo anakutazama."

Mtendaji akaipokea brashi, akasimama nayo mpaka rangi ikamdondokea kiatuni.