Jina Nililokataa Kulitaja

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua za kwanza, nimelala juu ya magunia matupu ndani ya tela la trekta, kichwa changu kwenye mapaja ya mama mkwe wangu, tunapita Kipalapala kuelekea Tabora mjini. Vijana wa seminari walikuwa wakilima kando ya barabara. Waliinuka wote kututazama, maana trekta la kijiji cha ujamaa kubeba mwanamke mwenye uchungu msimu wa kulima lilikuwa jambo geni. Nilikuwa na maumivu ya kumng'ata mtu, lakini nilijitanda kanga vizuri wasinione nimekunja uso. Ndivyo nilivyo, mwanangu. Majivuno yangu hayakuanza jana.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulirudi kutoka kliniki ukajifungia chumbani. Mama yako ameniambia kila kitu: wamekukuta mtoto amekaa vibaya, huenda ukapasuliwa, na wewe unalia kwamba mawifi zako watasema hukuzaa. Huyo mama yako anayejifanya anachambua mchele hapo, masikio yote huku, ndiye aliyekuwa tumboni siku ile ya trekta. Basi kaa, nyoosha miguu hiyo, inavimba. Kulia umekwisha kulia. Sasa sikiliza.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari, shamba la wote upande mmoja na vishamba vyetu upande mwingine. Nilikuwa nimeolewa na babu yako Maganga, na ile ndiyo ilikuwa mimba yangu ya kwanza. Uchungu ulinianza asubuhi, ukashinda na mimi, ukalala na mimi, kukapambazuka tena mtoto hajatoka. Aliyenisimamia ndani alikuwa shangazi yake babu yako, mwanamke mwenye mikono mizuri aliyewapokea nusu ya watoto wa kijiji. Mama mkwe alikaa nje kwa heshima, akichochea moto wa maji.

Zamani hizo, mwanangu, mwanamke akikaa na uchungu kupita kiasi, wazee hawakuuliza mtoto amelalaje. Waliuliza mama amelala na nani. Iliaminika kwamba mtoto anagoma kwa sababu mama ameficha mwanamume wa nje, na akimtaja tu kwa jina, njia inafunguka.

Shangazi akaniinamia. "Nyamizi, taja. Taja umwokoe mtoto. Hakuna atakayekupiga."

"Sina wa kumtaja, shangazi."

"Kila mwanamke husema hivyo kwanza."

Hakuwa mtu mbaya, usimchukie. Alimwogopea mtoto, na hiyo ndiyo dawa aliyorithishwa. Lakini kila uchungu ulipokuja alirudia lilelile, taja, taja, mpaka nikaanza kutafuta. Naam, nikaanza kutafuta jina, mimi ambaye sikuwahi kumjua mwanamume mwingine zaidi ya Maganga. Likanijia la mwalimu wa elimu ya watu wazima, kijana mpole aliyetufundisha kuandika chini ya kibanda cha tumbaku, ambaye kosa lake lote lilikuwa kunishika mkono siku moja kunionyesha chaki inavyokamatwa. Uchungu ukizidi unaweza kumtaja hata mwenyekiti wa kijiji. Nikafungua mdomo nikasema, "Ni yule..."

Mlango ukasukumwa. Mama mkwe akaingia na mikono ina majivu.

"Funga mdomo wako, Nyamizi," akasema. "Uchungu hautoi ushahidi. Inuka, tunakwenda hospitali."

Shangazi akashangaa. "Wifi, hajataja bado."

"Na hatataja."

Sijapata kukemewa vizuri kama siku ile. Kemeo lenyewe lilikuwa fupi, na lilinirudishia akili yangu.

Tatizo likawa namna ya kufika. Mji ulikuwa mbali, na babu yako alikuwa ameondoka na baiskeli kutafuta gari, hajarudi. Gari la kijiji halikuwepo. Lilikuwepo trekta, nalo siku hiyo lilikuwa likilima shamba la wote, mwenyekiti mwenyewe akisimamia. Mama mkwe alikwenda mbio akasimama mbele ya lile trekta, ndani ya mfereji, udongo mpaka vifundoni. Dereva akafunga breki. Mwenyekiti akaja.

"Mama Maganga, mvua haimngoji mtu. Leo ni zamu ya shamba la wote."

"Mwenyekiti, kila mkutano unatuambia mali ni ya wote, na mimi napiga makofi. Basi leo na uchungu ni wa wote. Fungeni tela."

Mwenyekiti akatazama chini, akatazama wingu, akamwambia dereva afunge tela. Baadaye alikuwa akilisimulia kwenye mikutano kana kwamba wazo lilikuwa lake. Tulimwachia. Alistahili kidogo.

Ndani ya tela tulikuwa watatu, mimi, mama mkwe na shangazi, aliyepanda kwa kununa. Barabara ile ndiyo walipita wapagazi wa zamani kwenda pwani na pembe, na baba yake mama mkwe alikuwa mmoja wao. Kila shimo lilinipitia kiunoni. Tulipokwisha kupita Kipalapala, shangazi amesinzia, mama mkwe akaniinamia sikioni akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Mimi nilitaja," akasema. "Kwa mtoto wangu wa kwanza. Walinikalia kama ulivyokaliwa wewe, nikachoka, nikataja jina la jirani. Hakuwahi kunigusa hata kidole. Mtoto akatoka jioni ile, wakasema mnaona, jina limemtoa. Yule jirani alihama kwa aibu. Na mume wako amekua watu wakimtazama pua na masikio, wakipima yafanane na ya nani."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kwamba alidanganya.

"Nani angeamini? Lakini mimi ndiye shahidi, Nyamizi. Nilisema uongo na mtoto akatoka vilevile. Kama jina ndilo linalotoa mtoto, basi na uongo unamtoa. Usitaje. Baba yangu alibeba mzigo mpaka pwani, hakuutua kwenye mlango wa mtu asiyehusika."

Mwanangu, tangu hapo sikuogopa kuulizwa. Niliogopa kufa, hiyo sikufichi, na niliogopa mtoto asije akaniponyoka. Lakini jina nililikaza kwenye meno.

Hospitali ilikuwa na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, na wanawake wengine wakitembea kando ya ukuta, mkono kiunoni. Hapo ndipo palipo na mengi unayoyaogopa, kwa hiyo nitakueleza taratibu. Nesi alikuja, mwanamke mfupi mwenye sauti kali. Akaniambia nivue. Nikasita, maana nilikuwa sijavua mbele ya mgeni. Mama mkwe akasema, "Mficha uchi hazai," nikavua. Nesi akanipapasa tumbo kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Akaweka kipembe chake cha kusikilizia, akainama, sikio lake juu yake, akasikiliza. Kisha akasema moyo wa mtoto unapiga vizuri, na mimi nikalia kwa mara ya kwanza.

Shangazi hakuweza kujizuia. Akasogea. "Nesi, huyu hajataja. Tumemwomba ataje, amekataa."

Nilidhani nesi atamfukuza. Hakumfukuza. Alimshika mkono akauweka ubavuni kwangu, upande wa kushoto.

"Shangazi, wewe umezalisha. Hiki ni nini?"

Shangazi akapapasa. "Ni kichwa," akasema, na sauti ikabadilika.

"Na huku?"

"Makalio."

"Basi mtoto amekingama, amelala upande kwa upande. Mtoto wa hivi, hata mama yake akikutajia wanaume wote wa mtaa wa Ng'ambo akaongeza wa mtaa wa Isevya, hatoki huko chini. Atatolewa kwa upasuaji, na atatolewa sasa hivi."

Nilisikia kitu kikishuka sakafuni. Alikuwa mama mkwe. Alikaa chini, mgongo ukutani, akafunika uso kwa kanga, akalia kimya. Nesi akadhani anaogopa kisu. Mimi peke yangu nilijua alikuwa akililia jambo la miaka yote ile, kwamba huenda na yeye mtoto wake alikuwa tu amelala vibaya, na hapakuwa na mtu wa kumpapasa.

Babu yako alifika na baiskeli yake, matope mpaka kichwani. Daktari alimweleza kwa upole. Akaniuliza, "Unasemaje, Nyamizi?" Nikamwambia wanitoe mtoto kwa mlango wowote walio nao. Neno hilo nililisema mimi mwenyewe, na mpaka leo nikilikumbuka navimba kichwa.

Siku zile walikufunika pua kwa dawa kali ukalala. Nyinyi mnachomwa sindano mgongoni, mnabaki macho, mnasikia mtoto akilia kwa masikio yenu. Hilo ningelipenda. Mimi nilizinduka koo limekauka, tumbo limefungwa, nimekatazwa maji, nikageuza shingo nikamwona mama mkwe kakaa kitandani na kifurushi cha kanga mkononi.

"Msichana," akasema. Akamfunua uso, akamtazama muda mrefu. "Pua ya Maganga hii. Na masikio ya Maganga. Anayetafuta na atafute."

Tulirudi kijijini kidonda kikiwa kinaanza kupona. Wanawake walikuwa wamekusanyika, na kabla sijashuka mmoja akauliza kwa sauti ya kupenya, "Ati alizaa mwenyewe, au alipasuliwa?" Swali hilohilo linalokuliza wewe chumbani, mwanangu. Nikahisi machozi.

Mama mkwe alimchukua mtoto kwangu akaenda moja kwa moja kwa shangazi, ambaye kwa desturi ya ukoo wao ndiye mwenye haki ya kumpa mtoto wa kwanza jina. Akamweka mikononi mwake.

"Wifi," akasema, "siku ile ulitaka jina kwa nguvu. Leo taja wewe."

Shangazi akamtazama mtoto.

"Anaitwa Kalunde," akasema. Kisha akamgeukia yule aliyeuliza. "Na mama yake amemzaa mwenyewe. Nilikuwepo, mkono wangu huu ulikuwa juu ya tumbo lake."

Kalunde lilikuwa jina la mama mkwe wangu. Tangu ule uongo wa ujana wake hakuna mtoto aliyepewa jina hilo, watu walimwita Mama Maganga tu, jina lake likakaa kama chungu chenye ufa. Siku ile likapigiwa vigelegele. Mama yako analibeba mpaka leo, na ndiyo maana sitaki kusikia mtu akimwita kwa kifupi.

Sasa yashike haya, mwanangu. Uchungu ukianza usiukalie nyumbani kwa kujikaza, nenda. Mama mkwe wako akitaka kwenda nawe, mchukue, huenda ana lake moyoni. Vua unapoambiwa uvue. Nesi akikufokea msamehe, amechoka, lakini usimnyamazie: ukiona damu, ukiona mtoto hachezi, sema, na asiposikia sema tena. Kulia si aibu, mimi nililia na majivuno yangu yote. Wakikukataza kula kabla ya kisu, usiniibie hata kijiko cha uji. Baadaye watakuinua utembee ungali na maumivu, utawachukia sana, wewe tembea tu. Ukikohoa, bana kidonda kwa kanga iliyokunjwa. Na mumeo akae karibu. Baiskeli hana, lakini pikipiki anayo.

Na mtu akikuambia hukuzaa, mlete kwangu. Nitamwonyesha kovu langu. Nimelibeba tangu enzi za ujamaa, mama yako alipita hapo, na wewe umepita kwa mama yako. Wanawake tunaambiwa mengi tukiwa kwenye maumivu, ili tuseme yasiyo yetu. Usiyaseme. Uchungu utapita, ulichokisema kitabaki na watu wataendelea kukipima kwenye pua ya mwanao.

Sogea niweke mkono hapo. Naam, anapiga teke, mkorofi huyu. Mungu amlaze anavyotaka Yeye na amtoe kwa mlango anaoutaka Yeye. Mikono itakayokupokea iwe na ujuzi na huruma, damu yako ikutoshe, maziwa yako yamshibishe. Uende mmoja urudi wawili, na jina lako likutangulie mlangoni likiwa safi.