Barua za Shosho na Jina la Njuguna

Ipo Jumapili moja, mwanangu, inayonirudia kila ninapomwona kijana ameinamia karatasi za kale, simu mkononi, akipiga picha ukurasa mmoja baada ya mwingine huku uso wake umejaa furaha ya mtu aliyegundua jambo. Furaha hiyo naijua. Niliwahi kuwa nayo, na kwa sababu yake nilikaribia kumnyang'anya mtu baba yake mezani, chakula kikiwa bado moto.

Wakati huo nilikuwa sijafika miaka thelathini. Nilikuwa nikisomea shahada ya pili ya historia na kuishi katika chumba kimoja cha kupanga Kiganjo, hapa Thika. Rafiki yangu Njeri, tuliyesoma naye chuoni, alinipeleka Ruiru kwa nyanya yake mzaa baba, ambaye sote tulimwita Shosho. Alikuwa amepita miaka themanini. Miguu ilikuwa imemchoka, naye alikuwa akikaa na binti yake ili awe karibu na hospitali. Chini ya kitanda chake palikuwa na kasha la mbao, na ndani ya kasha hilo kulikuwa na barua thelathini na moja alizoandikiwa na mwanajeshi aliyeitwa Njuguna, wakati wa vita ambavyo wazee wetu waliviita vya Hitla. Njuguna alichukuliwa kutoka mashamba ya kahawa ya Ruiru akapelekwa hadi Burma. Yeye na Shosho walikuwa wameahidiana kuoana. Hawakuoana. Shosho aliolewa na Karanja, babu yake Njeri, ambaye mimi sikumkuta hai.

Shosho alinikabidhi kasha bila kusitasita.

"Chukua," alisema. "Lakini ukishazipanga, urudi unisomee. Mimi sijui kusoma, na hawa watoto wakija hapa hawakai."

Nikaahidi. Niliahidi kwa wepesi, mwanangu, kama tunavyowaahidi wazee tukiwa tumeshasimama na mkoba uko begani.

Kwa miezi mitatu niliishi na barua hizo. Zilikuwa zimeandikwa kwa Kiswahili cha jeshini, kilichovunjika hapa na pale, kwa mkono wa karani fulani aliyeandika huku Njuguna akisema. Mahali pamoja alimwambia Shosho, kwa jina lake: "Wewe Wangari, mvua ya hapa inanyesha kama mtu amesahau kuifunga. Leo nimekula samaki wa mkebe, roho yangu ikawa inakula viazi vyako." Nilicheka, kisha nikajikuta nalia, na sioni haya kukiri kwamba nilimpenda kidogo mtu huyo. Katika barua ya mwisho aliandika kwamba wameambiwa watarudi mvua itakapokwisha. Baada ya hiyo hapakuwa na nyingine. Nilitafuta katika kasha zima karatasi yoyote ya kusema kwamba alikufa, nikakosa. Kwa kuwa sikuiona, nikaamua kwamba haikuwahi kuwapo.

Ndipo ikaja Jumapili yenyewe. Nilialikwa chakula cha mchana Murera, kwenye shamba la familia, ili niwaeleze jinsi kazi yangu ilivyokuwa ikiendelea. Shosho alibaki Ruiru kwa sababu ya miguu yake, lakini wanawe watatu walikuwapo: Mwangi, kifungua mimba, Kariuki, wa pili, na Baba Njeri, wa tatu. Walikuwa wakijiandaa kugawana shamba, na mpimaji wa ardhi alikuwa anatarajiwa Jumanne. Palikuwa na mukimo, kuku wa mchuzi, chapati, na kelele za watu wanaopendana.

"Njuguna, hebu nipe hiyo chumvi," Mwangi akasema.

Baba Njeri akamsogezea chumvi. Kijiko changu kikasimama hewani. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwita Baba Njeri, kama adabu inavyotaka, wala sikuwahi kuuliza jina lake mwenyewe.

Unajua jinsi tunavyowapa watoto majina kwetu. Mwana wa kwanza huitwa kwa jina la baba wa mume, wa pili kwa jina la baba wa mke, na wa tatu kwa jina la kaka mkubwa wa mume. Nilijua kwamba kaka yake Karanja aliitwa Gitau.

"Baba Njeri," nikauliza, "jina la Njuguna ulilitoa wapi?"

"Hilo?" Akacheka. "Nililikuta likiningoja. Kwani wewe lako uliliagiza?"

"Lakini wewe ni wa tatu. Ungeitwa Gitau."

"Aii, huyu msichana wa chuo anatuhesabu," akasema mke wa Kariuki. "Muulize pia yale masikio makubwa aliyatoa wapi."

Meza nzima ikaangua kicheko. Nami ningepaswa kucheka pamoja nao, niongeze mchuzi, ninyamaze. Lakini nilikuwa na ile furaha niliyokutajia, na ilikuwa imenipanda kichwani.

"Mwanajeshi aliyekuwa akimwandikia Shosho barua aliitwa Njuguna," nikasema. "Na hakuna karatasi inayosema alikufa. Mimi nadhani alirudi."

Njeri alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini alikuwa amechelewa. Hakuna aliyehitaji kuelezewa zaidi. Mwangi alifuta vidole vyake kimoja kimoja, macho yakiwa kwenye sahani.

"Basi yule mpimaji wa Jumanne," akasema taratibu, "mwambieni angoje kidogo."

Baba Njeri akainuka, akasema anaenda kutazama ng'ombe. Haikuwa saa ya kutazama ng'ombe. Nusu ya chapati yake ilibaki kwenye sahani.

Njeri alinisindikiza hadi langoni, kisha akanigeukia.

"Unajua umesema nini?"

"Nimesema kilichomo kwenye barua."

"Barua gani? Nionyeshe hiyo barua."

Sikuwa na barua ya kumwonyesha. Nilikuwa na pengo, nami nilikuwa nimelijaza kwa akili yangu mwenyewe.

"Sasa nani atamuuliza Shosho?" akaendelea. "Baba hawezi. Mtu wa miaka hamsini na zaidi atamwendea mama yake amuulize alimzaa na nani? Na baba zangu wakubwa hawatauliza, watanyamaza tu. Watanyamaza na shamba litagawanywa mafungu mawili badala ya matatu. Wewe ndiye uliyesema, wewe ndiye utakayeenda."

Jumatatu asubuhi nilikuwa Ruiru, kasha nikiwa nimelibeba. Shosho alikuwa amekaa uani, ungo mapajani, akichagua njahi, yale maharagwe meusi.

"Umekuja kunisomea," alisema kwa furaha.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamweleza kila kitu, tangu chumvi hadi mpimaji. Vidole vyake havikuacha kuchagua. Nilipomaliza, aliweka ungo chini akacheka mpaka akavua kitambaa cha kichwa akafutia machozi.

"Alirudi? Yaani Njuguna arudi, na mimi nisiambiwe?"

"Lakini hakuna karatasi ya kusema alikufa, Shosho."

"Ilikuwapo. Karani aliileta kutoka Thika, Karanja akanisomea. Ile ilikuwa ya serikali, haikuwa ya Njuguna. Ningeiweka pamoja na barua zangu kwa nini? Niliitia motoni siku iyo hiyo."

"Karanja ndiye aliyekusomea?"

"Ni nani mwingine? Alikuja hapa kuwa mwalimu wa kanisa wakati Njuguna ameshachukuliwa. Hawakuonana hata siku moja. Lakini ni yeye peke yake aliyejua hicho Kiswahili cha askari. Barua ikija, sisi wanawake wa kahawa tunaweka vikapu chini, tunakaa, Karanja anasoma. Njuguna akisema nina shingo nzuri, wote wanageuka kunitazama shingo." Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani wewe ulifikiri ni mambo ya siri?"

Ndivyo nilivyofikiri, mwanangu. Nilikuwa nimezisoma barua za mapenzi hayo nikiwa peke yangu, mlango umefungwa, nikadhani hata wenyewe waliyaishi mlango ukiwa umefungwa. Kumbe kila neno la Njuguna lilipita kinywani mwa Karanja, mchana kweupe, mbele ya wachuma kahawa wote wa shamba lile.

"Alikaa miaka miwili baada ya karatasi ile kabla hajaniambia neno," Shosho aliendelea, sauti yake sasa ikiwa ya chini. "Na tulipooana hakuniambia nizitupe. Jumapili tukitoka kanisani, watoto wakishaenda kucheza, nikimwomba, alikuwa ananisomea."

"Hakuona wivu?"

"Wivu wa nini? Alimsoma mtu huyo miaka mitatu. Alisema ni kama ndugu aliyemjua kwa sauti tu, na sauti yenyewe ni yake yeye Karanja. Sasa Njuguna alikufa hana mtoto. Mtu kama huyo, asipopata wa kumwita jina, ameisha. Mtoto wetu wa tatu alipozaliwa, Karanja alichukua mbuzi akaenda kwa kaka yake Gitau, akamwomba ampishe mgeni. Gitau akala mbuzi, akapisha."

Kisha akaacha kucheka kabisa.

"Mimi nilikuomba jambo moja, mtoto wangu. Urudi unisomee. Tangu Karanja afe hazijasomwa. Ungenisomea kwanza, ungefika ile ya mwisho, ungeniuliza, nami ningekujibu. Na kijana wangu angemaliza chakula chake. Wewe umeenda kuwasimulia watu habari zangu kabla hujanisimulia mimi."

Hakuipandisha sauti. Angeipandisha ningeumia kidogo zaidi ya pale na kupona mapema. Nilichukua ungo nikaanza kuchagua njahi kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu, naye akaniacha nichague.

"Basi," alisema mwishowe. "Nitafutie gari. Na ulete kasha."

Jirani alitupeleka Murera kwa pikapu yake, Shosho mbele, kasha mapajani mwake. Hakukubali kuingia nyumbani. Aliagiza wanawe wote waitwe waje kwenye banda la ng'ombe, ambako Baba Njeri alikuwa ameshinda tangu asubuhi, na akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kana kwamba ni kiti cha heshima.

"Mwangi," alisema, "siku aliyozaliwa huyu ndugu yako ulikuwa mkubwa. Ulilia wiki nzima. Ulikuwa unalilia nini?"

Mwangi, mtu mzima mwenye wajukuu, akakuna kidevu. "Mbuzi," akasema, na uso wake ukabadilika. "Yule mweupe. Baba alimchukua akampelekea Gitau. Alikuwa wangu yule."

"Alikuwa wako. Baba yako ndiye aliyemtoa, kwa sababu alitaka mtoto wake aitwe Njuguna. Mimi sikumwomba. Nisingethubutu." Akawaeleza yote, jinsi alivyonieleza mimi, bila kuficha na bila kupamba. Kisha akauliza, "Mpimaji anakuja lini?"

"Ni kesho, mama," Mwangi akajibu, ameinamisha kichwa.

"Mwambie aanzie upande wa Njuguna."

Nilimwendea Baba Njeri nikamwomba msamaha.

"Tangu jana nimekuwa nikitazama mikono yangu," alisema, "nikijiuliza kama ni ya baba." Kisha akavuta pumzi. "Haya. Hebu tusomee huyo mtu."

Nikaanza kusoma, pale pale bandani, wana wa Karanja wakiwa wamekaa juu ya magunia ya chakula cha ng'ombe. Shosho alikuwa akinikatiza. "Hapo polepole." "Hapo Karanja alikuwa anakohoa kwanza." Nami nikakohoa. Kwenye barua ya shingo, Mwangi na wenzake waligeuka kumtazama mama yao shingo, naye akawafukuza kwa mkono kama anayefukuza kuku.

Mwanangu, nimeandika vitabu na makala tangu siku hiyo, na wanafunzi wangu huniuliza mbinu. Ninachowaambia ndicho ninachokuambia wewe. Karatasi iliyohifadhiwa ni ile ambayo mtu alipenda kuihifadhi. Zipo zilizotiwa motoni, na huenda ndizo zenye jibu. Kwa hiyo usijaze pengo kwa akili yako kabla hujamuuliza aliye hai. Mrudie mwenye barua kwanza, umsomee yeye, hata kama una haraka ya kutangaza, na hasa ukiwa na haraka ya kutangaza. Usitupe maneno kwenye kundi la familia kwa sababu tu karatasi hazikukatazi. Na usidhani kwamba mapenzi ya watu wa zamani yalikuwa kama yako. Mimi nilitafuta usaliti mahali ambapo palikuwa na ukarimu, kwa kuwa sikuwahi kukutana na ukarimu wa namna hiyo.

Mungu akufungulie milango ya wazee wenye subira, wakurudi kwa upole unapokosea. Macho yako yakichoka, usikose mtu wa kukusomea. Na siku mtoto atakapoitwa kwa jina lako, aliyelichagua awe amekupenda jinsi Karanja alivyompenda mtu ambaye hakuwahi kumwona.