Pazia Niachie

Fundi huyu watu walimwita Rimoti, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kufunga mitambo kwenye nyumba za watu: geti linalofunguka ukiwa bado barabarani, taa zinazojiwasha giza likiingia, pasi inayozimwa kwa simu na mtu aliyekwisha kaa ofisini akaanza kujiuliza, jamani, ile pasi niliizima kweli? Alikuwa fundi hasa, si wa kubabaisha. Ila nyumba moja ilimnyima raha: ya mama yake mzazi, aliyekaa peke yake mji mwingine, mjane, magoti yamechoka, na habari za kuhama hataki hata kuzisikia.

"Nihamie kwako nikalinde makochi?" mama alikuwa akimjibu. "Hapa ndipo pangu."

Basi Rimoti akaomba likizo, akaenda na masanduku ya vifaa vyake. Akashughulikia taa, feni, kitasa cha mlango. Kamera mama alizikataa katakata: "Unione nikijikuna? Ng'o!" Hapo mwana akasalimu amri. Mama akawa anamfuata nyuma na kikombe cha chai, anamtania. "Haya, leo nimepata kinachonitii. Wewe kukuamsha uende shule ilikuwa mpaka nikumwagie maji."

Walipofika kwenye pazia la sebuleni, dirisha linalotazama barabara, utani ukaisha.

"Pazia niachie," mama akasema.

"Pazia zito lote hilo, mama, na magoti hayo?"

"Niachie, mwanangu. Lina kazi yake."

"Kazi gani zaidi ya kufunguliwa na kufungwa?"

Mama akaguna. Labda angeeleza, lakini mwana alikwisha panda ngazi na drili inanguruma, na nani ashindane na drili? Pazia likatiwa mota. Kila kukicha likawa linajivuta lenyewe, na huko aliko Rimoti simu ikimletea ujumbe: pazia limefunguliwa. Akiusoma, moyo wake unatulia, mama kaamka salama. Alijidanganya, maskini. Pazia lile lilifunguka mama aamke asiamke.

Mara moja moja mama alimkumbusha kwenye simu. "Kile kimashine cha pazia, ukija unitolee."

"Sawa mama, nikipata nafasi."

Nafasi haikupatikana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema. Hapa, Mungu wangu, lilivunjika la mkuu mwenyewe. Jioni moja mama aliteleza akitoka kuoga, akaanguka vibaya, nyonga ikavunjika. Simu yake ilikuwa chumbani. Aliita mpaka sauti ikakauka, na mlango ulikuwa umejifunga barabara kama mwanawe alivyoupanga.

Asubuhi Rimoti alipiga simu, haikupokelewa. Akatazama kwenye simu yake: taa ziliwaka, zikazimika, pazia limefunguliwa, kila kitu sawa. Akacheka, ah, kikongwe changu kimesahau simu kwenye mkoba tena. Akaendelea na geti la bwana mmoja lililokuwa likigoma. Kesho yake pazia likafunguka tena na simu ikaita bure tena. Namba ya jirani yeyote hakuwa nayo, hakuwahi kuona haja. Akaacha vifaa chini, akawasha gari, akaenda.

Alimkuta sakafuni, bado anapumua. Hospitalini daktari hakumficha kitu: amelala sakafuni muda mrefu mno, figo zimeshindwa. Angeletwa mapema, alisema, wangekuwa wanazungumzia nyonga tu.

Kwenye kibaraza cha wodi alikuwa ameketi Mama Cherehani, fundi nguo wa nyumba iliyoelekeana na ya mama, kanga imelowa machozi. Rimoti alimgeukia kwa hasira zote alizokuwa nazo.

"Jirani gani wewe? Mtaa mzima ule, hakuna hata mmoja aliyegonga mlango?"

"Pazia lilikuwa wazi, mwanangu."

"Pazia! Pazia linahusiana na nini?"

"Mimi na mama yako, tangu tubaki wajane, hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu. Ukiamka, fungua pazia, mwenzio akuone. Watoto wa shule wakipita na la mwenzio bado limefungwa, vaa kandambili ukagonge. Mimi nilipozidiwa na homa, yeye ndiye aliyekuja." Akajifuta. "Nimelitazama kila asubuhi, baba. Nikaona limefunguliwa, nikamshukuru Mungu, nikakaa kwenye cherehani yangu."

"Hakukwambia nimelitia mota? Linajifungua lenyewe?"

Mama Cherehani akamkodolea macho. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia. "Hakuniambia. Kwangu alikuwa akikusifu tu."

Rimoti aliingia wodini. Mama alikuwa macho, kadhoofu, midomo imepasuka. Jioni ya siku hiyo alifariki, na maneno waliyozungumza saa ile ndiyo aliyobaki nayo fundi mpaka leo. Alipiga magoti kando ya kitanda, akawa analia tu kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Mwenzangu usimgombeze," mama alisema kwa taabu. "Hana kosa. Usiku kucha nilijikaza. Nikajipa moyo, kukicha tu, watoto wa shule wakipita, atakuja. Mara nikasikia kile kimashine kinaanza kuvuta."

Akapumzika kidogo.

"Nikakiomba, baba. Nikakiambia, tafadhali, leo usifungue."